Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Maandiko kwa Anayetafuta Ukweli Mkuu wa Maisha

Huku Nyanda za Juu Kusini Neno halijawahi kuwa haba. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo, na Wakatoliki wakajenga Tosamaganga kule Iringa. Leo ukitembea jioni jijini Mbeya kutoka Kabwe hadi Mwanjelwa utapishana na spika za mkutano wa injili, bajaji yenye mstari wa Zaburi kwenye kioo, na simu yako mfukoni itakuwa imeshapokea "neno la leo" kutoka makundi mawili matatu. Tunasikia sana. Kinachotupungukia ni kusoma: kukaa na kitabu kimoja, kukifuata kutoka mwanzo hadi mwisho, na kukiuliza maswali mpaka kijibu.

Matokeo yake yanaonekana. Unaweza kumkuta mtu ameimba kwaya miaka mingi, anasali, anafunga, lakini ukimwuliza, "Ndugu, katika Biblia nzima, ukweli ulio mkuu kuliko yote ni upi, na umeuona wapi mwenyewe?" anakupa mistari mitano isiyoshikana, yote aliipokea kwa mtu mwingine. Hilo linaniuma, kwa sababu Maandiko yenyewe hayakufichwa. Watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, na bado kila siku walikwenda kuyachunguza maandiko waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Luka anawasifu kwa hilo. Kama mtume alihakikiwa, basi na mchungaji, padri, nabii na mimi ninayeandika hapa tuhakikiwe.

Mwongozo huu unamfaa aliyemaliza darasa la saba sawasawa na aliyesoma chuo. Utahitaji miezi miwili mitatu ya jioni tulivu. Kipindi cha baridi, Juni na Julai, mavuno yakiwa yameshaingia ndani na watu wanakaa karibu na moto mapema, ni kizuri kuliko vyote. Ukianza wakati wa kupanda utakatishwa kila siku.

Hatua ya kwanza: andika swali lako

Nunua daftari gumu, kaunta buku ya kawaida inatosha. Ukurasa wa kwanza andika swali lako kubwa la maisha kwa maneno yako, bila kulipamba. Waliomwendea Yesu waliuliza waziwazi. Tajiri alikimbia, akapiga magoti, akasema, "Nifanye nini nipate kuurithi uzima wa milele?" (Marko 10:17). Mwandishi wa torati aliuliza amri ipi ni ya kwanza. Mlinzi wa gereza kule Filipi, ardhi imetetemeka na milango imefunguka, aliwauliza Paulo na Sila vivyo hivyo afanye nini apate kuokoka.

Swali lako linaweza kuwa lingine kabisa. "Tulimwombea mama na bado akafa, Mungu alikuwa wapi?" "Nitaishi kwa kuogopa uchawi mpaka lini?" "Nina nyumba, nina shamba, mbona moyo hautulii?" Andika hilohilo. Mtu anayesoma bila swali huishia kukubali kila kitu kwa kichwa, na hakuna kinachomgusa. Acha kurasa mbili tupu baada ya swali, utazihitaji baadaye.

Hatua ya pili: chagua kitabu kimoja, kiwe Injili ya Marko

Wengi huanza Mwanzo wakiwa na nia ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, wakakwama kwenye vipimo vya hema ya kukutania katika Kutoka. Wengine huanza na Ufunuo, kwa sababu ya habari za mnyama na alama ya 666, na hutoka na hofu nyingi kuliko walizoingia nazo. Ushauri wangu ni Marko. Ina sura 16 tu, ndiyo fupi kuliko Injili zote nne, na inakwenda mbio: Yesu anatoka mahali hadi mahali, anaponya, anaulizwa, anapingwa, na kufikia katikati ya kitabu uso wake umeelekea Yerusalemu kufa. Zaidi ya hayo, Marko anakubana kwa swali ambalo huwezi kulikwepa, kama utakavyoona.

Kitabu cha maneno ya kila siku, ule utaratibu ambao Wamoraviani wa Herrnhut kule Ujerumani waliuanza kuuchapa mwaka 1731 na ambao familia nyingi za huku zinautumia hadi leo, uendelee asubuhi kama kawaida. Ni chakula chema. Lakini mstari mmoja kwa siku hauwezi kukuonyesha kitabu kizima kinasema nini, na shabaha yetu hapa ni kitabu kizima.

Kuhusu tafsiri: uwe na mbili kama inawezekana. Ile ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ndiyo iliyo midomoni mwa wazee wetu na kwenye nyimbo. Ina uzito wake na inafuata maandishi ya asili kwa karibu. Habari Njema inasomeka kwa Kiswahili cha leo na humsaidia kijana. Soma ya kwanza, na ukikwama fungua ya pili. Kama nyumbani kuna bibi anayesikia Kinyakyusa, Kibena au Kinyiha vizuri kuliko Kiswahili, tafuta Agano Jipya la lugha yake, lipo. Biblia ya kwenye simu inafaa, ila ipakue yote mapema ukiwa na bando, kisha zima data unaposoma. Ujumbe mmoja wa kundi la ukoo unatosha kukupotezea jioni nzima.

Hatua ya tatu: soma Marko yote kwa mkao mmoja

Jioni ya kwanza usichambue chochote. Soma kwa sauti, sura ya 1 hadi ya 16. Ni kazi ya kama saa mbili. Mkiwa wengi nyumbani pokezaneni, sura moja kila mtu. Asiyejua kusoma asikilize, maana wasikilizaji wa kwanza wa Injili hii wengi wao waliisikia kwa masikio vilevile.

Ukimaliza, andika mambo matatu tu: kilichokushangaza, kilichokukera, na usichokielewa. Cha pili usikiogope. Watu hukerwa na Yesu anavyomjibu yule mama Msirofoinike katika sura ya 7, au mtini ulionyauka katika sura ya 11. Kiandike. Kinachokukera mara nyingi ndicho kitakachokufundisha, kwa sababu hapo ndipo umeacha kusoma ulichokizoea.

Hatua ya nne: rudi sehemu kwa sehemu, na uangalie kinachorudiwa

Hii ndiyo hatua yenyewe, na itachukua muda mwingi kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Chukua kipande kimoja kwa jioni, si zaidi ya nusu sura. Kisome mara tatu. Mara ya kwanza jiulize nani yupo, yuko wapi, nini kimetoka kutokea. Mara ya pili tafuta maneno au matendo yanayorudiwa. Mara ya tatu angalia kipande kilichotangulia na kinachofuata, ujiulize kwa nini Marko ameviweka jirani.

Nionyeshe kwa mfano mmoja, maana maelezo matupu hayatoshi. Fungua Marko 10, kuanzia mstari wa 32. Wako njiani wanapanda kwenda Yerusalemu. Yesu anawaambia kwa mara ya tatu kwamba atauawa na kufufuka. Mara ya kwanza ilikuwa 8:31, ya pili 9:31. Zitie alama zote tatu kwa kalamu ya rangi moja. Sasa angalia wanafunzi wanafanya nini baada ya kila moja. Baada ya ya kwanza Petro anamkemea. Baada ya ya pili wanabishana nani mkubwa. Baada ya ya tatu Yakobo na Yohana wanakuja kuomba. Yesu anawauliza, "Mwataka niwafanyie nini?" Wanajibu wakae mmoja kuume na mmoja kushoto katika utukufu wake. Wanataka vyeo.

Mistari michache mbele, Yeriko, kipofu Bartimayo ameketi kando ya njia akiomba. Watu wanamnyamazisha, yeye anazidi kupaza sauti. Yesu anasimama, anamwita, na anamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Swali ni lilelile. Wanafunzi waliotembea naye tangu Galilaya waliomba viti. Kipofu anaomba kuona. Wanafunzi wanaambiwa hawajui wanaloliomba. Kipofu anapata kuona, na sentensi ya mwisho inasema akamfuata njiani. Njia hiyo inakwenda msalabani.

Usiishie hapo. Beba yale maneno "kuume" na "kushoto" mpaka sura ya 15, mstari wa 27. Siku ambayo Yesu anatundikwa na juu ya kichwa chake kumeandikwa kwamba ni mfalme wa Wayahudi, waliopo kuume na kushoto kwake ni wanyang'anyi wawili waliosulibiwa. Hapo ndipo unaelewa kwa nini aliwaambia wale ndugu hawajui wanaloliomba. Hakuna mhubiri aliyekuambia hilo, umelisoma. Na likikuingia kwa njia hiyo halitoki.

Kisha rudi nyuma tena. Sehemu hii yote, kutoka 8:22 hadi 10:52, imewekwa kati ya vipofu wawili. Wa kwanza, wa Bethsaida, anaponywa kwa hatua mbili: kwanza anaona watu kama miti inayotembea, kisha anaona sawasawa. Mara tu baada yake Petro anakiri, "Wewe ndiwe Kristo," na dakika chache baadaye anamkemea huyohuyo Kristo kwa kusema atateswa. Petro anaona watu kama miti. Wengi wetu tuko hapo: tunamkiri Yesu kwa kinywa, lakini Yesu tunayemtaka ni wa kutupa viti.

Ukifanya kazi hii kwa vipande kumi na viwili au zaidi, jicho litazoea. Kwa mpanzi katika sura ya 4 sina haja ya kukueleza mengi. Mkulima wa Uyole au Mbarali anaujua udongo wenye mwamba kuliko mimi. Ongeza swali moja tu unapousoma: kwa nini Yesu anasema katika 4:13 kwamba asiyeuelewa mfano huu hataielewa mifano yote? Mbegu ni neno, na mfano wenyewe unahusu namna ya kusikia. Jichunguze wewe ni udongo gani wiki hii.

Hatua ya tano: usiung'oe mstari mahali pake

Kuchukua mstari mmoja bila kilicho kabla na baada yake ni sawa na kuingia kwenye kikao cha ukoo katikati, ukasikia sentensi moja ya mzee, ukaondoka kwenda kutangaza uamuzi.

Angalia Yeremia 29:11, pengine ndio mstari unaobandikwa sana kuliko yote kwenye magari na kadi za harusi: Bwana anawawazia watu wake mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa tumaini. Ni neno la kweli na ni lao na letu. Lakini soma sura nzima. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mungu anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji wa adui, kwa sababu mstari wa 10 unasema watakaa huko miaka 70. Wazee waliosomewa barua ile walijua watafia ugenini. Na ukirudi sura ya 28 unamkuta nabii Hanania, aliyewaambia watu hao kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Alipendwa, bila shaka. Alikuwa anasema uongo, na sura inaisha na kifo chake.

Nalikazia hili kwa sababu mkoani kwetu yapo madhabahu yanayowaahidi watu nyumba, gari na mchumba kabla ya mwezi kuisha, kwa sharti la kununua mafuta au maji ya upako, na mstari unaotajwa ni huohuo wa Yeremia. Watu wanauza mahindi ya chakula. Ukiisoma sura ya 28 na ya 29 pamoja, taratibu, huwezi kudanganywa kwa mstari huo tena. Fanya hivyohivyo na Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Rudi mistari miwili tu utaona Paulo anazungumzia kuweza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Yuko kifungoni anapoandika.

Hatua ya sita: fuata nyayo hadi Agano la Kale

Sasa tuko tayari kwa Marko 12:28-34, ambapo swali la ukweli mkuu linaulizwa wazi. Mwandishi anauliza, "Katika amri zote ni ipi iliyo ya kwanza?" Yesu anajibu kwa maneno mawili ya zamani: kumpenda Bwana Mungu kwa moyo wote, roho yote, akili zote na nguvu zote, kutoka Kumbukumbu la Torati 6:4-5, na kumpenda jirani kama nafsi yako, kutoka Mambo ya Walawi 19:18.

Fungua Walawi 19 yote, usitosheke na mstari mmoja. Sura hiyo inaeleza jirani anapendwaje, na inaeleza kwa mambo ya shambani na sokoni. Usivune pembe za shamba lako hadi mwisho. Mwachie maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimlaani kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo. Mgeni anayekaa kwenu mpende kama nafsi yako. Na kuelekea mwisho, mistari ya 35 na 36: vipimo viwe vya haki, mizani ya haki.

Tulipoisoma sura hii jumuiyani, mama mmoja anayelima viazi aliinua mkono akauliza, "Kwa hiyo na lumbesa imo humu?" Chumba kilikaa kimya, kwa sababu pale walikuwepo wakulima wanaojaziwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, na pia madalali wawili wanaoijaza. Mzee wa jumuiya akamjibu, "Mama, imo. Isome tena." Akaisoma tena. Kila anayelima viazi Njombe, Makete au Umalila anajua gunia la lumbesa linavyomla mkulima, na kwamba sheria ya vipimo inalikataza lakini bado linashonwa. Amri kuu ya Mungu ilikuwa imefika hadi kwenye mdomo wa gunia. Mistari hiyo imo sura moja na "mpende jirani yako", na kama hatukuwahi kuiona pamoja ni kwa sababu tumezoea kudokoa.

Rudi Marko 12 na uendelee mbele kidogo. Baada ya mazungumzo hayo Yesu anaonya juu ya waandishi wanaopenda salamu za masokoni na viti vya mbele huku wakila nyumba za wajane (12:38-40). Mara hiyohiyo anaonekana mjane maskini akitia senti zake mbili katika sanduku la hazina (12:41-44). Mwaka kwa mwaka tunahubiriwa mjane huyu kama mfano wa kutoa, na ni kweli alitoa vyote. Lakini msome pamoja na mistari iliyomtangulia, ujiulize nani aliila nyumba yake. Kwenye vijiji ambako mume akifariki shamba linarudi kwa ndugu zake na mjane anabaki na nguo za mwilini, swali hili lina majina ya watu tunaowafahamu.

Hatua ya saba: andika ukweli huo kwa sentensi moja, kisha uupime

Watu wengi wakifika Marko 12 husema wamemaliza: ukweli mkuu ni upendo. Sentensi hiyo si mbaya, lakini haijafika. Tazama Yesu anavyomjibu yule mwandishi aliyeelewa vizuri: "Wewe hu mbali na ufalme wa Mungu." Hakumwambia umeingia. Kuna kilichobaki, na Marko ametuwekea sura nne zaidi ili tukione.

Zisome sura za 14 na 15 huku amri zile mbili zikiwa zimeandikwa juu ya ukurasa wako, na kwa kila mtu anayetokea andika kama anazitimiza. Yuda anauza. Petro, aliyeapa kufa naye, anamkana mbele ya kijakazi. Wanafunzi wote wanamwacha na kukimbia (14:50). Makuhani wanatafuta ushahidi wa uongo. Pilato anajua ukweli na anaridhisha umati. Ukurasa wako utakuwa na safu ndefu ya walioshindwa. Mmoja tu ndiye anayempenda Mungu kwa vyote, pale Gethsemane aliposema yafanyike si kama atakavyo yeye bali kama atakavyo Baba. Na mmoja tu anampenda jirani hadi mwisho, yeye aliyesema amekuja kutumika na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi (10:45). Anapokufa, anayemtambua ni akida Mrumi, mgeni, askari aliyesimamia kifo chake: "Hakika mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu" (15:39). Linganisha na mstari wa kwanza kabisa wa kitabu, uone Marko alikuwa anakupeleka wapi.

Kwa hiyo ninavyouona mimi ukweli huo, baada ya kusoma hivi, ni huu: Mungu anatudai upendo wote, hakuna kati yetu aliyeutoa, na yeye mwenyewe katika Yesu Kristo akautoa kwa ajili yetu, akafa, akafufuka, na sasa anatuita tumfuate njiani. Andika ya kwako, usinakili yangu. Kisha ipime kwa mashahidi wengine watatu. Paulo anapotaja yale aliyoyapokea na kuyatoa kwanza, anataja kufa kwa Kristo kwa ajili ya dhambi zetu, kuzikwa na kufufuka (1 Wakorintho 15:3-4). Yohana 17:3 inasema uzima wa milele ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli na Yesu Kristo aliyemtuma. Luka 24 inamwonyesha Yesu mfufuka akiwaeleza wawili wa Emau mambo hayohayo kuanzia Musa na manabii. Sentensi yako ikipingana na hao watatu, irekebishe.

Hapo sasa fungua zile kurasa mbili tupu mwanzoni mwa daftari. Swali lako lina jibu, au limebadilika, au bado liko wazi. Aliyeuliza juu ya uchawi atakuwa ameshapita Marko 5, kwa mtu aliyekaa makaburini na pepo jeshi zima, na kwa Yairo aliyeambiwa "Usiogope, amini tu" binti yake akiwa ameshakufa. Aliyefiwa atakuwa amemsikia Yesu mwenyewe akilia msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Andika ulichokiona, hata kama ni nusu.

Hatua ya nane: tenda jambo moja wiki hiyohiyo

Yesu alisema mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu ndipo atajua kama mafunzo yake yanatoka kwa Mungu (Yohana 7:17). Kuna kujua ambako hakuji kwa kusoma zaidi. Kila mwisho wa wiki ya kusoma chagua tendo moja, dogo na la kuonekana: kumlipa kibarua jioni ileile, kupiga simu kwa ndugu ambaye hamjasalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba, kukaa na mgonjwa bila kuangalia saa. Litendee kazi, liandike, kisha endelea na sura inayofuata.

Hatua ya tisa: soma na wengine

Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa msomi, ana gari na ana gombo la Isaya, lakini Filipo alipomwuliza kama yamemwelea alijibu, "Nitawezaje, mtu asiponiongoza?" Kusoma peke yako kuna hatari ya kusikia sauti yako tu. Tafuta watu watatu hadi wanane. Wawe wa makanisa tofauti mkiweza. Mkatoliki anayesema "Tumsifu Yesu Kristo" na mlokole wa "Bwana asifiwe" wakikaa na Marko moja, kila mmoja ataona ambacho mwenzake amekipita.

Utaratibu ni mwepesi. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anarudia kwa tafsiri ya pili. Kila mtu anasema alichokiona kabla ya yeyote kueleza maana. Mwongozaji anauliza tu: "Umeona wapi hilo?" Swali hilo moja hulinda kikundi kizima, kwa kuwa asiyeweza kuonyesha mstari anajifunza kutulia. Mzee apewe heshima yake, lakini na yeye aulizwe. Vijana waachwe wazungumze mapema, kabla wakubwa hawajafunga mjadala. Kikao kisizidi saa moja na nusu, na chai iletwe mwishoni, si katikati.

Mnapofika sura ya 16

Mtakuta jambo litakalowasumbua. Katika Biblia nyingi mistari ya 9 hadi 20 imewekwa kwenye mabano au ina maelezo chini, kwa kuwa nakala mbili za kale sana, za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wanaogopa, hawamwambii mtu. Hakuna sababu ya kuogopa maelezo hayo wala kuyaficha vijana. Kufufuka kumeshatangazwa katika mstari wa 6, na wanawake wameshaagizwa wawaambie wanafunzi na Petro kwamba Yesu anawatangulia kwenda Galilaya, huko watamwona.

Galilaya ndiko Yesu alikoanza kuhubiri katika sura ya 1. Ukitaka kujua kama umesoma vizuri, anza Marko upya wiki inayofuata, sura ya 1, safari hii kwa haraka zaidi na kwa daftari jipya, ukimtazama Yesu wa kando ya bahari huku ukijua atakufa na kufufuka. Baada ya hapo nenda Luka, kisha Matendo, vitabu viwili vya mwandishi mmoja vinavyofuatana. Halafu Warumi, polepole, aya kwa aya. Zaburi moja kila usiku kabla ya kulala, tangu siku ya kwanza.